Troli Ina Kiti Kimoja

Kwa Waluo, majina ya pacha hayachaguliwi. Huja na watoto wenyewe. Anayetangulia kuzaliwa ni Opiyo akiwa mvulana, Apiyo akiwa msichana, kwa kuwa alifanya haraka. Anayefuata ni Odongo au Adongo, kwa kuwa alibaki nyuma. Wangu ni Opiyo na Adongo, wana mwaka mmoja na miezi minane, na sijaona mahali ambapo majina hayo yanawafaa kama ndani ya supamaketi. Opiyo hukimbilia mbele, kwenye chupa za mafuta. Adongo hubaki nyuma, ameketi sakafuni, anatoboa pakiti ya chumvi. Mimi huwa katikati, mkono mmoja kwenye troli na mwingine hewani, nikimwita huyu na kumkemea yule, hadi wanunuzi wa upande wa pili wanayajua majina ya wanangu kuliko wanavyoijua bei ya sukari.

Nyumbani ni Rangwe, kaunti ya Homa Bay. Kwa omena, nyanya na sukuma wiki sina haja ya kwenda mbali. Lakini mwenye pacha ana deni moja lisilokwisha, nalo ni pampasi. Duka la jirani huziuza kama linavyouza mafuta ya kupikia, kadogo kadogo: kipande kimoja, shilingi 25. Mjini Homa Bay ninapata pakiti ya vipande 50 kwa shilingi 850, yaani shilingi 17 kipande. Tofauti ni shilingi nane. Mwenye mtoto mmoja anaweza kuimeza. Wangu wawili humaliza vipande nane kwa siku; nane mara nane ni 64, na mwezi mzima ni shilingi 1,920. Toa nauli ya kwenda na kurudi, shilingi 300, zinabaki 1,620. Mwalimu wa hisabati akikuandikia hesabu hiyo ubaoni, utatoka mbio kutafuta gari. Mimi ndiye mwalimu huyo, na nilitoka mbio.

Gari lenyewe ni Probox, na Probox ina kanuni zake. Nauli hulipiwa kiti. Mtoto wa kupakatwa halipiwi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini sijawahi kuona wa pili akikosa mapaja. Nikiingia tu, mikono hunyoshwa kabla sijaomba. "Lete mmoja hapa, Min Rude," dani fulani, bibi nisiyemjua, huniambia, na Adongo hupokelewa, hufutwa kamasi, huulizwa habari za nyumbani kwao. Min Rude ni mama wa pacha, na jina hilo huniombea msaada bila mimi kufungua kinywa. Ndani ya gari lililojaa hadi goti la mtu liko begani mwa mwenzake, mikono ya kumshika mwanangu haikosekani. Tukishuka mjini na kuingia kwenye jengo pana lenye taa nyeupe na feni, haipo tena.

Taabu huanzia mlangoni. Begi halipiti: unaliacha kwenye kaunta ya mizigo, unapewa kibao chenye namba. Naielewa sheria hiyo, kwani wezi wapo. Ila begi langu lina chupa mbili za uji, nguo za kubadilisha na pampasi za akiba. Naingia kununua pampasi baada ya kuvuliwa pampasi. Kibao nacho kinataka mfuko ambao mtoto haufikii, na gauni zetu wanawake hazishonwi na mfuko wa namna hiyo.

Halafu kuna troli, na troli ina kiti kimoja. Mwamerika Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka huko Oklahoma City, aliizindua mwaka 1937 kwa sababu aliona wanunuzi wakiacha kununua mara kikapu kinapowalemea mkononi. Alitaka kuondoa uzito wa bidhaa. Kiti cha mtoto kilikuja baadaye, na waliokiweka walimfikiria mtoto mmoja tu. Nikimkalisha Adongo hapo, Opiyo anabaki kwenda tumboni mwa troli, juu ya unga na sabuni, na Opiyo hakai. Husimama kama kondakta. Hilo si jambo la kuchekea. Watafiti wa Nationwide Children's Hospital, mjini Columbus, Ohio, walipopitia rekodi za Marekani za mwaka 1990 hadi 2011, walikuta wastani wa watoto 24,000 kila mwaka waliofikishwa hospitalini kwa kuumizwa na troli, na saba katika kila kumi walikuwa wameanguka kutoka ndani yake. Kwenye troli niliyopata mimi, mkanda wa kile kiti kimoja ulishakatika ukabaki uzi.

Mbinu zote nimezijaribu. Nikimfunga mmoja mgongoni kwa leso na kumkalisha mwingine kitini, nikiinama kuchukua sabuni kwenye rafu ya chini, aliye mgongoni anajisombea vitu kwenye rafu ya juu. Kigari cha watoto cha viti viwili hakipenyi kati ya rafu. Na hata kingepenya, nikikisukuma hicho, troli ataisukuma nani? Kuwatembeza wote kwa miguu nimekwisha kueleza. Siku moja nililipia pakiti tatu za chumvi zilizotobolewa, na nyumbani tukala chumvi hiyo hadi mwisho wa muhula.

Kwenye foleni ya kulipia ndipo mwenye duka alipotega mtego wake. Peremende na biskuti zimepangwa kwa kimo cha mtoto aliyesimama. Mtu mzima hata hazioni. Nikiwa na mtoto mmoja ningemgeuza uso. Nikiwa na wawili, kila ninayemgeuza namwelekeza kwenye rafu ya upande wa pili. Wakati huohuo keshia anasubiri. Kulipa kwa M-Pesa kunahitaji kidole gumba kimoja na utulivu wa nusu dakika: namba ya till, kiasi, namba ya siri. Nimewahi kukosea namba ya siri mara mbili mfululizo huku Opiyo akining'inia kwenye kiwiko changu, na nyuma yangu mtu akiguna ule mguno ambao kila mama anaufahamu.

Mwisho kuna mlinzi wa mlango wa kutokea, anayetaka risiti aitie alama. Siku moja risiti ilikuwa kinywani mwa Adongo. Niliichokoa kwa kidole ikatoka imelowa, bei zimefutika, imebaki tarehe na kipande cha neno "asante". Mlinzi aliitazama, akamtazama Adongo, akatia alama pale palipobaki karatasi. "Nenda, mama," akasema. Hakuwa na la zaidi, na mikono yake ilikuwa na rungu na kalamu.

Njiani kurudi nyumbani siku ile nilikuwa na muda wa kufikiri, maana watoto walilala, mmoja kwangu na mwingine kwa abiria wa jirani. Nilianza kwa kuilaumu supamaketi, kisha nikakumbuka duka la utotoni. Lilikuwa na kaunta ndefu ya mbao. Bidhaa zote zilikuwa nyuma yake, pamoja na mwenye duka. Mama yangu alisimama upande wa huku, mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika pindo la leso, naye akasema tu: sukari kilo moja, kiberiti, mafuta ya taa. Mikono mingine ndiyo iliyopanda ngazi, ikapima, ikafunga kwa gazeti, ikaweka mezani. Ndivyo yalivyokuwa maduka ya Wahindi ya Kendu Bay na Homa Bay, na ndivyo yalivyokuwa ya Waafrika waliowafuata. Mnunuzi alileta pesa na ulimi. Kazi ya miguu na mikono ilikuwa ya mwenye duka.

Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akamfungulia mnunuzi njia apite mwenyewe kati ya rafu na kuchukua anachotaka. Tangu hapo dunia nzima imemwiga, na Kenya pia. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975, na leo hata miji yetu midogo ina supamaketi zake. Bei ilishuka, nasi tulishangilia. Ilishuka kwa sababu zaidi ya moja, lakini mojawapo ni kwamba wale vijana wa nyuma ya kaunta waliondolewa na kazi yao akapewa mnunuzi. Sasa mimi ndiye ninayeinama, ninayepanda, ninayebeba na kusukuma. Mwenye mikono miwili mitupu hahisi kitu. Kwake hayo ni matembezi. Mwenye pacha anaihisi kuanzia rafu ya kwanza, kwa kuwa mikono aliyotakiwa kulifanyia duka kazi ilikuwa imekwisha kushikwa.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko nyumbani. Nikilalamika mbele ya wazee huniambia: sisi tulilea kumi bila troli wala pampasi. Ni kweli, lakini walilea wakiwa na japidi. Japidi ni msichana mdogo, mara nyingi mdogo wa mama au mtoto wa ndugu, aliyeletwa nyumbani kumbeba mtoto. Mama akienda shambani, kisimani au sokoni, japidi alibaki na mtoto au aliandamana naye. Kwa pacha waliletwa hata wawili. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Japidi akavaa sare. Nashukuru kwa hilo. Wapo walioketi darasani mwangu. Lakini alipotoka hakuna aliyeingia mahali pake. Yaya wa kulipwa anataka mshahara ambao katika nyumba nyingi za hapa haupo. Kwa hiyo mikono imepungua nyumbani, ikapungua na dukani, na mama bado amebaki na ile miwili aliyozaliwa nayo.

Zamani kuzaliwa kwa pacha kwetu kulikuwa jambo zito, lililoogopwa na kushangiliwa kwa pamoja. Palikuwa na mwiko, palikuwa na sherehe, na majirani walikuja na nyimbo za matusi na mizaha ambazo siku nyingine zingewatia aibu. Sizililii mila zote hizo. Nyingine zilimtesa mama kuliko kumsaidia. Ila walioziweka walijua kwamba nyumba iliyopata wawili kwa mpigo imefikwa na jambo linalowahusu wengine. Waganda humpa baba wa pacha cheo cha Ssalongo na mama Nnalongo. Wasukuma wana Kulwa na Doto, Waluhya wana Mukhwana na Mulongo. Kila mahali katika kanda hii lugha imemwekea mtoto wa pili nafasi yake. Ni troli tu ambayo haijapata habari kwamba yupo.

Wala sisi si wachache. Mwaka 2021 Christiaan Monden wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walikadiria kwamba duniani huzaliwa jozi milioni 1.6 za pacha kila mwaka, na kwamba mtoto mmoja katika kila 42 ni pacha. Asilimia 80 hivi ya uzazi huo iko Afrika na Asia, na Afrika ndiyo inayoongoza kwa wingi wa pacha kulingana na idadi ya wanaojifungua. Watafiti hao walikumbusha pia kwamba kusini mwa Sahara pacha wengi huwapoteza wenzao katika mwaka wa kwanza. Ninapohangaika na wangu wawili mbele ya rafu ya unga, nakumbuka kwamba kuwa nao wote wawili hapo ni baraka ambayo wenzangu hawakuipata. Hata baraka hubebwa kwa mikono.

Mtu atauliza baba yao yuko wapi. Yuko Nairobi, kazini, kama baba wengi wa huku. Alipokuja likizo alijitolea kwenda mwenyewe na watoto wote wawili, anionyeshe. Alirudi baada ya saa mbili, pampasi zote zipo, watoto wasafi, yeye anatabasamu. "Shida iko wapi?" akaniuliza. Nilimhoji polepole. Nani aliyemshika Opiyo wakati wa kulipa? Keshia. Nani aliyesukuma troli? Msichana mmoja wa kazi pale. Na begi? Mlinzi alimruhusu apite nalo. Akina mama wawili kwenye foleni walimpisha, wakasifu jinsi baba huyu anavyowapenda wanawe. Ni jengo lilelile, rafu zilezile, troli ileile ya kiti kimoja. Ndipo nilipojua kwamba mikono ya supamaketi haikufa; imejificha, na hujitokeza ikimwona anayedhaniwa hawezi. Mama hudhaniwa anaweza, hivyo huachwa aweze.

Najua jibu lililo tayari: waache nyumbani. Kwa nani? Bibi yao ana miaka zaidi ya sabini na magoti yake hayamkimbizi Opiyo. Jirani ana wake. Na hata ningempata wa kuwaachia, mtoto atajifunza lini kwamba kitu cha dukani hakifunguliwi kabla ya kulipiwa? Wapo pia wanaosema mwenye duka hakunizalisha, na biashara si kituo cha kulea. Sawa. Lakini mwenye duka anayenitaka nifanye kazi aliyokuwa akimlipa kijana wa kaunta hawezi kudai kwamba hali ya mikono yangu haimhusu. Tena mwenye pacha ni mteja gani? Hununua pakiti tano za pampasi kwa mpigo, unga mara mbili, sabuni mara mbili, na atafanya hivyo kwa miaka. Nakumatt, Uchumi na Tuskys zilikuwa majitu, na tumeziona zikianguka au kudhoofika kwa madeni. Katika biashara ngumu namna hiyo, kumchosha mteja wa kikapu kikubwa ni anasa.

Ninachokitaka hakihitaji mfadhili. Duka lenye troli hamsini linaweza kuwa na mbili zenye viti viwili na mikanda inayofunga. Begi la mtoto lipekuliwe mlangoni, kisha lipite. Karibu kila supamaketi ina vijana wa kupakia mizigo pale kwa keshia. Mmoja wao aruhusiwe, anapomwona mtu mwenye watoto wawili au mzee mwenye bakora, kutoka pale na kuandamana naye kati ya rafu. Peremende ziondolewe kwenye foleni, au zipandishwe juu ya kimo cha mtoto. Uingereza wameshaliwekea jambo hilo sheria: tangu Oktoba 2022, maduka makubwa ya England hayaruhusiwi kupanga vitu vya sukari, mafuta na chumvi nyingi mlangoni, kwenye ncha za rafu wala kwenye foleni ya kulipia. Sisi hatuna haja ya kusubiri Bunge ili kuhamisha boksi la peremende. Na kwa sisi wa Rangwe na vijiji vya mbali, duka lipokee oda kwa simu, lilipwe kwa M-Pesa, limkabidhi mwenye Probox mzigo. Magari yale hubeba kila kitu, yatashindwaje na pampasi?

Nasi wanunuzi tuna la kufanya. Yule yule aliyempakata Adongo ndani ya gari asubuhi nimewahi kumkuta dukani mchana, akapita kando yangu macho yake kwenye rafu. Simlaumu. Garini tunakaa tukigusana. Dukani kila mtu ana troli yake, na troli ni kama uzio. Mtu anaogopa kumgusa mtoto wa mwenzake, au anadhani mama ataona anaingiliwa. Nasema kwa niaba ya akina Min Rude wote: hatutaona hivyo. Sema "lete mmoja hapa," kama kwenye Probox.

Wiki iliyopita pampasi ziliisha usiku, siku nne kabla ya mshahara. Niliwachukua wote wawili tukaenda duka la jirani kwa mwanga wa simu. Jaduong', yule mzee mwenye duka, alitusikia kabla hajatuona. Alifungua kidirisha, akanyosha mikono juu ya kaunta akampokea Adongo, akamkalisha karibu na mizani. Opiyo alizungushwa akaingia kwa mlango wa nyuma, akapewa gunia la maharagwe alikalie na gunzi la kuchezea. Nikasimama pale, mikono yangu miwili mitupu, na sikujua niifanyie nini. Nikaifuta kwenye leso.

"Ngapi, Min Rude?"

"Mbili tu, Jaduong'."

Alizitoa, akazifunga kwa gazeti, akanirudishia chenji sarafu kwa sarafu bila haraka, huku Adongo akijaribu kuipima kofia yake kwenye mizani. Nililipa shilingi 25 kwa kila kipande, na kwa mara ya kwanza sikuzihesabu zile nane kuwa hasara.